Mtu Aliyesimama Nyuma ya Biasha

Biasha binti Rajabu alikuwa hodari wa kuanguka. Hilo liligundulika kiangazi cha mwaka tisini na tatu, akiwa na miaka kumi na tisa, pale wageni walipofika Kazimzumbwi, Kisarawe, na kamera, jenereta na marobota ya sare za kijeshi. Walikuwa wanatengeneza gemu. Mkalimani wao alieleza kwamba huko kwao kuna mashine inayounganishwa na televisheni, na mtu hukaa sebuleni kwake na bastola ya plastiki akawapiga risasi watu walio ndani ya kioo. Siyo vikaragosi vya kuchora. Ni watu kabisa, waliopigwa picha wakikimbia na kufa. Kwa hiyo walihitaji msitu, na walihitaji watu wa kufa.

Mjomba wake Biasha, Mwinyimadi, ndiye aliyepewa kazi ya kuwakusanya. Wengi walianguka vibaya. Walitazama chini kwanza kutafuta pa kuangukia, wakashika magoti, ndipo wakajilaza kama watu waliochoka kulima. Biasha aliachia mwili wote kwa mara moja, kama kanga iliyochomoka kwenye kamba. Wageni wakampigia makofi. Kwa siku tatu walimwangusha kwenye kichuguu, ukingoni mwa kijito, mlangoni mwa kibanda na chini ya mti mkubwa, na kwa kuwa waliruhusiwa kupiga ukelele wowote, yeye kila mara alilia, "Mama, nakufa!" Siku ya nne wageni wakafunga mizigo wakaondoka. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuiona hiyo gemu.

Biasha akaolewa, akamzaa Saida, akaachika. Akahamia Kibaha, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini Tumbi, na taratibu akajenga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Picha ya Ndege. Ni mwanamke mrefu, mpole, asiyependa kuulizwa habari zake mara mbili. Mama yake, Ashura, alibaki kijijini. Biasha hakuwahi kumwona baba yake. Rajabu alikufa kwa homa mwaka sabini na nne, Ashura akiwa na mimba ya miezi mitano, na hakuacha picha hata moja. Utotoni Biasha aliwahi kumwuliza mama yake baba alikuwaje, akajibiwa kwamba alikuwa mtu wa kawaida. Hakuuliza tena.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni Godbless, mtu wa Moshi, anayefanya kazi ofisini Dar na kurudi jioni. Godbless ana ugonjwa wa kukusanya mashine za gemu za zamani, zile zinazokuja kwenye makontena ya mitumba. Kwa ajili ya mashine hizo amehifadhi televisheni ya chogo, maana bastola za zamani hazifanyi kazi kwenye hizi bapa. Jumamosi moja mwaka jana, baada ya alasiri, alimwita Biasha ukutani. Alisema amepata CD moja ya vita, na ndani yake kuna mwanamke anayelia kwa Kiswahili.

Biasha aliingia na kanga yake begani, akasimama nyuma ya kochi. Godbless akafyatua. Juu ya kichuguu msichana mwembamba mwenye sare akatupa mikono, akaachia mwili wote, na sauti ndogo yenye mikwaruzo ikasema, "Mama, nakufa."

"Huyo ni mimi," alisema Biasha.

Walicheka mpaka Eugenia, mke wa Godbless, akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Ikabidi gemu ianzishwe upya ili naye aone. Godbless alimwangusha Biasha kwenye kichuguu, akamwangusha kijitoni, akamwangusha kibandani, na mwenyewe Biasha akawa anawasimulia wale wengine ni akina nani, nani amekufa, nani yuko Mzenga. Ni Eugenia aliyeuliza kuhusu yule wa nyuma.

"Yupi?"

"Huyo asiye na sare."

Godbless akarudia. Kweli, hatua kama kumi nyuma ya Biasha, kati ya miti, alisimama mwanamume mwenye kaptula na shati jepesi, mkono wa kushoto ameuweka kisogoni. Hakutazama kamera. Alimtazama Biasha. Biasha alipoanguka, mtu yule alishusha mkono, akapiga hatua moja mbele kama anayetaka kumdaka, na hapo picha ikakatika. Ilikuwa hivyo kwenye kichuguu, na ilikuwa hivyo kijitoni.

Godbless akamlenga yeye. Risasi ikapita, hakutikisika. Akaeleza kwamba watengenezaji huweka alama juu ya kila mtu, ili mashine ijue risasi imempata nani. Huyu hawakumwekea. "Gemu haijui kama yupo," alisema.

Halafu akagundua jambo jingine. Ukimwacha Biasha bila kumpiga, yeye ndiye anayekupiga, na kioo kinageuka chekundu. Katika picha hiyo nyuma yake palikuwa na miti tu. Yule mtu alikuwepo pale tu Biasha alipouawa. Godbless alisema labda picha hizo zilichukuliwa saa tofauti. Hakuna aliyembishia, lakini Eugenia alikwenda kufungua mapazia.

Biasha alikumbuka vizuri kwamba nyuma yake hapakuwa na mtu. Wageni walifunga kamba, na Mwinyimadi alizunguka na fimbo kuwafukuza watazamaji. Alimpigia simu, na mjomba akathibitisha. Asingeruhusu hata mbuzi kupita. Godbless akajaribu kurekodi kwa simu ili mzee atumiwe aone mwenyewe, lakini kioo cha ile televisheni kilitoa michirizi myeusi tu, na pale alipokuwa mtu pakaonekana kama moshi.

Kuanzia hapo Biasha alianza kwenda kwa jirani kila Jumamosi. Alijifunza kushika bastola. Mara ya kwanza alikawia kufyatua, maana si jambo dogo kujilenga mwenyewe kifuani, ukiwa kijana, ukiwa hujui bado yatakayokupata. Lakini hakukuwa na njia nyingine. Akitaka kumwona yule mtu ilimbidi ajiue, naye akajiua mara nyingi, Jumamosi baada ya Jumamosi, akisogea karibu na kioo kutafuta uso. Hakuupata. Mtu yule siku zote alionekana ubavuni, kwa sababu siku zote alimtazama yeye. Kazini, akikunja mashuka na mwenzake, alikuta macho yake yanakwenda kwenye nafasi iliyo nyuma ya bega la mwenzake, mpaka yule mama akawa anageuka kuangalia. Eugenia alimwambia mumewe kwamba hapendi ile sauti ya "Mama, nakufa" ndani ya nyumba anamolelea watoto.

Mwezi wa tisa Ashura alikuja Kibaha kliniki ya presha, akisindikizwa na kaka yake Mwinyimadi. Biasha hakumweleza mama yake chochote isipokuwa kwamba kuna picha za zamani za kijijini kwa jirani. Walikwenda wote watatu baada ya chakula cha mchana. Godbless alimwamkia bibi, akampa kiti kilicho karibu na televisheni, akampa Biasha bastola.

Biasha alifyatua. Msichana akaanguka kichuguuni.

Ashura alisogeza kiti mbele. Aliomba irudiwe. Iliporudiwa aliomba tena, na mara hii aliinuka akaegemeza kiganja kwenye meza ya televisheni. Mtu wa nyuma alishusha mkono kutoka kisogoni, akapiga hatua yake.

"Huyo Rajabu," alisema Ashura. "Ndivyo alivyosimama. Mtu akimwudhi, akipata wasiwasi, mkono kisogoni."

Mwinyimadi alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema taratibu kwamba jambo hilo haliwezekani, kwamba yeye ndiye aliyeingia kaburini, na kwamba alimpokea shemeji yake kwa mikono hii hii na kumlaza. Miaka kumi na tisa kabla ya wageni kufika. Alilisema hilo akitazama sakafu, halafu akainua macho kwenye kioo.

Biasha alimwuliza mama yake kama ana uhakika. Ashura alikuwa anamtazama binti yake aliyeshika bastola, kisha kioo, kisha tena binti yake, kama mtu anayepiga hesabu ya jambo lililokwisha kufanyika.

"Umemfanyia hivi mara ngapi?"

"Nani, mama?"

"Baba yako. Umemwonyesha mara ngapi mwanawe anakufa?"

Biasha aliweka bastola chini. Kwa wiki zote hizo alikuwa amejitazama yeye akiuawa, na akamtazama yule mtu akija. Hakuwa amefikiria kwamba yule mtu naye anaona, na kwamba kila Jumamosi alipiga hatua ile ile, asifike.

"Basi," alisema Ashura. "Msimwangushe tena mtoto mbele yake."

Ijumaa iliyofuata walisoma hitima Kazimzumbwi. Godbless na Eugenia walikwenda kwa gari lao kwa njia ya Kiluvya, wakala pilau, wakaonyeshwa kaburi, ambalo ni tuta la mawe lililozama nusu, karibu na mpaka wa msitu. Kutoka hapo mpaka penye kichuguu si mbali. Godbless aliahidi kwamba CD haitachezwa tena.

Alitunza ahadi hiyo kwa miezi mitatu. Kisha Jumapili moja, wakati Eugenia na watoto wako kanisani, alibisha kwa Biasha na uso uliopauka. Biasha alikuwa anachambua mchele kibarazani. Godbless alikaa kwenye ngazi, akakiri bila kuulizwa. Aliazima kamera nzuri kwa mtu wa ofisini. Alitaka ampigie picha ya baba yake, aisafishe, aiweke kwenye fremu, ampe siku ya Idi. Kwa hiyo akaicheza, mara moja tu. Akafyatua, na Biasha akaanguka.

"Hakupiga hatua," alisema Godbless. "Alibaki palepale. Akageuka, mama Saida. Akanitazama mimi mwenye bastola."

Kamera, alisema, haikunasa kitu isipokuwa michirizi. Alirudia kuicheza gemu palepale, mara tano, ili ajihakikishie kwamba ni macho yake, na mara zote tano palikuwa na miti tu. Sasa amechomoa nyaya zote. Jumatatu anazipeleka mashine kwa mtu wa Kariakoo, zote, hata zile nzima.

Alitegemea kugombezwa. Biasha alisogeza ungo pembeni, akafuta mikono kwenye kanga, akaketi kwenye ngazi kando yake.

"Alikasirika?"

Godbless alifikiri. "Hapana. Alinitazama kama mtu anayetaka kukujua."

"Wewe umemwona uso mzima."

"Nimemwona."

"Mimi sijauona," alisema Biasha. "Niambie ukoje."

Godbless si mtu wa maneno mengi. Alianza kwa kusita, akataja paji la uso pana, nyusi zilizokaribiana, shavu moja lenye kishimo. Akasema midomo ilikuwa imefumba, lakini si kwa ukali. Akasema masikio yamesimama kidogo. Katikati ya maelezo alimgeukia mwanamke aliyekaa kando yake, akakiona kishimo kile kile shavuni, akakatisha, akawa hajui aendelee au aache.

Biasha alikuwa amefumba macho. Alimwomba aanze tena, polepole, kutoka juu.