Karani Asiyechekesha

Vijiji vya Ujamaa vilipokuwa vichanga, nilirudi Tabora kwa likizo kutoka Dar es Salaam, nilikokuwa nikisomea shahada ya pili, nikajiunga na kikundi cha maigizo kilichozunguka vijijini. Nilipewa kucheza karani anayempenda mwanamume mwenzake. Tendo lenyewe lilikuwa dogo: mwenzangu anahamishwa kituo, namfunga kifungo cha shati, namtazama akienda.

Watazamaji wetu walizoea wahusika wa namna hiyo wanaovaa kanga jukwaani, wakibana sauti na kukata kiuno. Walicheka, wakaenda zao, na mchezaji hakufuatwa na neno lolote hadi nyumbani. Mimi niliona karani anastahili kuchezwa kama mtu. Tulipoonyesha kijijini Kwihara, hakuna aliyecheka. Ukimya ule niliuchukulia kuwa sifa.

Wakati huo posa yangu ilikuwa imeshapelekwa Itetemia, kwa wazazi wa binti niliyetaka kumwoa, na mjomba wangu ndiye aliyekuwa mshenga. Wiki haikuisha akaitwa huko. Aliporudi alinieleza kwamba shangazi wa binti alikuwapo Kwihara, na hataki mtoto wao aolewe na mwanamume wa namna ile. Mjomba alikuwa amemwambia kwamba ule ni mchezo tu. Aliyecheza mwizi katika mchezo huohuo, alisema, bado anauza vitambaa sokoni na hakuna anayempekua. Shangazi akamjibu: "Yule mwizi alituchekesha, baba. Huyu wenu alimtazama mwenzake mpaka mimi nikaona haya. Yale hayafundishwi."

Hata hivyo hakuifunga njia. Kikundi kirudi Kwihara, nivae kanga, nikate kiuno, watu wacheke. Hapo posa itapokelewa.

Nililipima sharti hilo kila upande, kama nilivyozoea kupima mambo mpaka yaninyime usingizi. Nikikataa, nimekiri. Nikikubali, nitakuwa nimethibitisha uanaume wangu kwa kuvaa kanga. Nilimpenda yule binti, na hilo kwangu halikuwa na shaka. Ila sikuwa na namna ya kulionyesha ambayo wasingeiita maigizo. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyochoka, na uchovu ndio ulioamua.

"Mjomba," nikasema, "waambie siwezi."

Nilitarajia anikemee kwa kuiaibisha familia. Badala yake aligeuka kuangalia mlango, akashusha sauti wanawake waliokuwa uani wasisikie.

"Basi niambie mimi, mwanangu. Ni kweli?"