Povu la Fundi Sikio

Pale gereji walimwita Sikio, na jina hilo alilivaa kwa maringo miaka thelathini. Ulete gari lolote, yeye huinamisha kichwa juu ya injini, kisha anakuambia linaumwa nini kabla hujazima. Binti yake, fundi mwenzake hapo hapo, alipenda kutafuta mivujo kwa povu la sabuni. Baba mtu alimcheka mbele za watu, akamuuliza yeye ni fundi au dobi.

Kumbe huo ulikuwa mwaka wa pili masikio yamemgomea. Maneno ya watu aliyapata kwa kukodolea midomo yao. Sauti nyembamba za injini zilishamtoka. Aliyejua ni mkewe tu.

Ndipo likaja gari la mkunga, la dizeli. Likipanda mlima linakata pumzi na kutoa moshi mweusi, na wajawazito wake wote wako huko juu. Sikio akainama, hakusikia kitu, akabahatisha: tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, imekufa. Wakafunga mpya. Wiki haikuisha, gari likarudi na moshi wake. Mwenye gereji hakugomba. Alisema tu kwamba Sikio akikosea tena, atahamia getini kulinda. Maskini, getini, baada ya miaka yote ile.

Akainama tena, mafundi wote wakimtazama. Kimya. Basi akatumia kichwa. Tabo hushindilia hewa, na hewa ikishindiliwa hupata moto. Ya moto hutanuka, haiingii ya kutosha kwenye injini. Ndiyo maana pale mbele kuna rejeta ya hewa: upepo wa njiani unaipoza, hewa inasinyaa, inaingia nyingi, dizeli inaungua yote. Hewa ikivujia hapo, hata ufunge tabo mpya ya kwenye boksi ni kazi bure, dizeli itatoka moshi.

Lakini mvujo hulia fsss, na fsss ndiyo asiyoisikia. Angeweza kubahatisha tena. Akamwona mkunga amekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani, na aibu ikaizidi hofu yake.

"Mwanangu," alimwambia bintiye, "niletee povu. Mimi sisikii tena."

Gereji nzima ikanyamaza, ingawa kwake haikuwa na tofauti kubwa. Binti hakucheka, na haki ya kucheka alikuwa nayo. Wakaiziba rejeta ya hewa upande mmoja, wakaijaza upepo wa kompresa upande wa pili, wakaipaka povu. Kwenye kona moja mapovu yakaanza kuvimba. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Ulipochomelewa, mkunga akapanda mlima wake bila moshi. Mwenye gereji akamfuata Sikio, akataka kujua ameficha tangu lini. Kabla hajajibu, binti akamvuta mkono hadi kwenye gari lililofuata, akasimama mbele ya macho yake.

"Baba, linakoroma, halafu linakwama kidogo, halafu linakoroma tena. Ni nini hiyo?"

Sikio akafumba macho, akafikiri, akamtajia ugonjwa wa gari. Binti akafungua, akakuta ni hivyo hivyo. Habari za geti hazikutajwa tena.