Weupe wa Nyumba ya Kumi na Mbili

Mwaka 1973, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mwezi wa tisa uliingia Nchelenge bila upepo. Mashamba ya ndani yalikuwa yakichomwa kungojea mvua, na moshi wake uliteremka ukalala juu ya ziwa Mweru siku baada ya siku. Kisiwa cha Chisenga hakikuonekana. Jua lilichomoza jekundu na kushuka jekundu, na ilipofika alasiri, mtu aliyesimama kando ya maji hakumtambua mwenzake aliye hatua mia mbili mbele yake. Nasema mia mbili kwa sababu nilizipima. Nilikuwa mtu wa kuhesabu tangu utotoni, na miaka thelathini na moja ya kazi ya upimaji ardhi haikuniponya.

Ufukweni kwetu palikuwa na nyumba kumi na mbili za matofali ya udongo, zilizojipanga kutoka kusini hadi kaskazini, kila moja hatua arobaini kutoka kwa jirani yake. Kila mwaka, mvua zikiisha na kuta zikikauka, wanawake waliupaka rangi ukuta unaotazama ziwa: nusu ya chini kwa udongo mwekundu, nusu ya juu kwa udongo mweupe uliochimbwa kwenye kingo za kijito. Pale rangi mbili zilipokutana, walichora mawimbi meusi kwa masizi ya chungu. Kimo cha mawimbi hayo kilikuwa kimoja katika nyumba zote, hivi kwamba aliyekuwa majini aliona safu moja inayotembea ufukweni.

Hakuna mwanamke aliyeuanza ukuta wake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Jirani wa upande wa kusini alikuja (nyumba ya kwanza, isiyo na jirani kusini, ilijiwa na wa nyumba ya pili), akachovya mkono katika udongo mweupe mzito, akabandika kiganja chake ukutani. Ndipo mwenye nyumba alipopaka juu yake, na kesho yake naye akaenda kubandika kiganja chake kwa jirani wa kaskazini. Kila ukuta, basi, ulikuwa na mkono wa jirani chini ya weupe wake, ingawa haukuonekana.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba. Nilimwita Kambo, kama watu wa ng'ambo ya Kongo wanavyowaita bibi zao. Alivuka ziwa mwaka 1965 kumfuata mwanawe wa pekee, ambaye alikuwa amekwisha kuoa upande huu na kuzoea kuishi kwa Kibemba, akikitumia Kiswahili chake kwa biashara ya samaki. Mwaka wake wa kwanza, jirani wa nyumba ya kumi, Bana Mutale, yaani Mama Mutale, alikataa kumpa kiganja. Alisema mkono wake hauufahamu ukuta wa mtu wa ng'ambo. Bana Mutale ndiye aliyesikilizwa na wanawake wote wa safu ile, na neno lake lingekuwa la mwisho kama si mfinyanzi mzee wa nyumba ya kumi na mbili, Bana Chola. Yeye hakubishana. Aliiacha tu nyumba yake mwenyewe bila rangi kiangazi kizima, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba kiganja hakiruki nyumba: kama hakijafika kwa mgeni, kitafikaje kwake? Mwaka uliofuata Bana Mutale alikuja kubandika kiganja kwa Kambo, uso ameugeuzia pembeni, kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani. Lakini alibandika. Na Kambo akambandikia Bana Chola, kila mwaka, hadi Bana Chola alipofariki mwanzoni mwa mwaka 1972.

Masika mawili yaliuosha ukuta wa marehemu ukabaki rangi ya tope. Kila asubuhi Kambo alitoa kigoda chake nje, akakaa akikitazama kipande kile cha ukuta kuliko alivyolitazama ziwa. Mwezi wa nane, tulipokuwa tukipaka nyumba yetu, nilimuuliza kwa nini hatuipaki na ile. Alijibu bila kusimamisha mkono wake.

"Nyumba ya mutu mwenye alikufa habapakaka rangi. Ukiipaka, unamuitia bageni. Na mugeni atafika."

Ninayaandika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu kosa langu lilianzia ndani yake. Mtu mzima angesikia onyo. Mimi nilisikia habari njema. Bana Chola alipenda wageni kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa na viti sita vya kukalisha watu na yeye mwenyewe akikaa chini. Nilijumlisha hivi: Kambo ana huzuni kwa sababu ukuta hauna rangi, Bana Chola hana wageni kwa sababu hiyo hiyo, udongo mweupe umebaki chungu kizima na robo. Jibu lilikuwa wazi.

Nilingoja siku ambayo Kambo angekwenda sokoni. Mama alikuwa Chienge kwa dada yake aliyejifungua, na baba alikuwa Chisenga akipakia samaki. Nilibeba kinu, nikakigeuza juu chini, nikapanda. Nilianza kama ilivyopasa: nilichovya mkono wangu katika udongo mzito, nikaubandika ukutani, kwa kuwa nilitoka nyumba ya jirani wa kusini na Kambo hakuwapo. Kisha niliuzimua udongo kwa maji, nikapaka kwa kitambaa mpaka adhuhuri ikapita. Mwisho nilichora mawimbi kumi na tisa. Nilirudi nyumbani nikiwa mweupe hadi kwenye nyusi, nikaoga, nikanyamaza. Kambo alirudi kwa njia ya nyuma ya nyumba, hakuuona ukuta. Nilitaka auone asubuhi, akiwa kwenye kigoda chake.

Yapata saa kumi tulisikia mbao zikivunjika.

Ni sauti ambayo watu wa ziwani hawaulizani maana yake. Kambo aliweka chini sufuria na kutoka, nami nyuma yake. Mbele ya nyumba ya Bana Chola, chini ya maji, pana mawe. Kila mtu aliyajua na hakuna aliyewahi kupita hapo na boti. Tuliona boti ya mbao imelala ubavu juu ya mawe hayo, samaki wakielea kuizunguka, na mwanamume mmoja akimkokota mwenzake kuelekea ufukweni. Yule aliyekokotwa alikuwa baba yangu. Mguu wake wa kushoto ulibanwa kati ya boti na jiwe. Mwenzake alimketisha kwenye nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote, mgongo ukiegemea ukuta, na udongo mweupe ambao haujakauka vizuri ulimshika shati lote.

Kambo aliutazama ukuta, akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Nadhani aliona weupe uliobaki kwenye nyusi zangu.

Kilichomsumbua baba zaidi ya mguu kilikuwa hesabu. Alirudia jambo lile lile mara tatu, kama mtu aliyedanganywa na saa yake.

"Mama, shiye tunafuataka weupe. Weupe ukiisha, tunageuza. Leo haukuisha."

Ndivyo nilivyojua kanuni ya wanaume. Wakati wa moshi, boti zilizotoka Chisenga zilipanda zikifuata ufuko kutoka kusini, na kitu pekee kilichoonekana ni madoa meupe, moja baada ya jingine. Njia ya kuingia kati ya matete ilikuwa mkabala na nyumba yetu. Zamani, Bana Chola alipokuwa hai, waligeuza kwenye doa la pili kutoka mwisho. Tangu alipofariki, waligeuza weupe ulipokoma. Mimi niliuongeza weupe kwa hatua arobaini, na baba yangu akaenda hatua arobaini zaidi.

Kambo hakujua kanuni hiyo, wala hakuihitaji. Alivua kitenge chake cha juu, akaufunga mguu wa mwanawe, kisha akaweka mkono ukutani na kusema na mwenye nyumba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuja kuomba moto.

"Bana Chola, huyu hapana mugeni wako. Ni mutoto wangu. Namurudisha kwangu."

Baba alichukuliwa kwa baiskeli hadi zahanati. Mimi nililala bila kuchapwa, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kuchapwa.

Asubuhi maneno yalikwisha kuenea ufukweni. Sikuyasikia yote, lakini niliyoyasikia yalitosha: kwamba mjukuu wa mtu wa ng'ambo asingeweza kujua mambo ya ukuta, kwamba safu ile tangu awali ilipaswa kukomea nyumba ya kumi, kwamba Bana Mutale mwaka ule alilazimishwa tu. Kambo naye aliyasikia. Hakutoa kigoda chake. Aliniambia niteke maji, akaanza kuuosha ukuta wa rafiki yake peke yake, kwa mikono yake miwili. Mgongo wake ulinionyesha kwamba alikuwa akijitayarisha kwa jambo lililo kubwa kuliko kuosha. Miaka minane alikuwa ndani ya safu ile. Sasa angeweza kutolewa kwa sentensi moja, na kwa sababu yangu.

Nilipokuwa kwenye ndoo ya kumi na saba, Bana Mutale alikuja. Alikuwa mwanamke mrefu, mnene wa mabega, na alibeba ndoo yake mwenyewe. Wanawake wengine walisimama nyuma yake kwa umbali wa kutosha kusikia. Hakusalimu. Alimwaga maji ukutani na kuanza kusugua, naye Kambo akaendelea kusugua upande wake.

Udongo niliouzimua ulitoka upesi. Ule mzito wa chini haukutoka. Polepole, chini ya mkono wa Bana Mutale, kikaonekana kiganja: vidole vitano vidogo, vimetawanyika, vyeupe sana juu ya tope. Alisimama. Alijua kila mkono katika safu ile, na huu hakuujua.

"Nani aliweka mukono hapa?"

Nilisema ni mimi.

"Juu ya nini?"

Nilimwambia sababu: kwamba ukuta hauanzwi na mwenyewe, na sisi ndio majirani wa kusini. Kambo alikuwa sokoni. Nilidhani ninajitetea. Kumbe nilikuwa nikitoa ushahidi wa mtu mwingine, kwa maana hakuna aliyeweza kunifundisha jambo lile isipokuwa Kambo.

Bana Mutale alinitazama, maji yakimtiririka viwikoni. Kisha akacheka kidogo, kwa pua.

"Awe, mayo," alimwambia Kambo, yaani la, mama, "huyu mutoto alimuita mufu na adabu yote." Akageuka kwangu, akanionyesha mabaki ya mawimbi yangu. "Lakini mustari yako, we mwana, inapinda kama mutu anatoka kwenye pombe."

Wanawake waliokuwa nyuma walicheka, na nilisikia hewa ikirudi ufukweni.

Kile kiganja hakukimwagia maji. Alikifuta mwenyewe kwa kitanga cha mkono wake, polepole, kama mtu anavyofuta uso wa mtoto aliyelala. Udongo ukamshika mkononi. Naye, badala ya kuunawa, alitembea hatua arobaini hadi nyumba yetu, akaubandika mkono ule juu ya ukuta wa Kambo, juu ya rangi iliyokwisha kukauka tangu mwezi wa nane, wakati usio wa kupaka rangi, mbele ya kila mtu. Safari hii uso wake ulielekea ukutani. Wengine walichukua ndoo. Ukuta wa Bana Chola ulirudi kuwa tope kabla ya saa sita.

Baadaye siku hiyo alimtaka Kambo achore alama pale safu inapokomea, ili macho ya wanaume yasitegemee weupe peke yake. Kambo alichora nakshi ya kwao: pembetatu nyeusi, moja ndani ya nyingine, upana wa dhiraa mbili. Ilionekana hata ndani ya moshi. Kwa miaka iliyofuata, wapiga makasia waliotoka Chisenga, ambao wengi wao hawakujua yeye ni nani, waliambiana: geuza kwa Kambo.

Nilipokuwa chuo kikuu nilidhani nimelimaliza jambo hili. Wanaume walikuwa na kanuni, wanawake walikuwa na mwiko, na vyote viwili vilikuwa kumbukumbu ya mawe yale yale, zilizohifadhiwa katika nyumba tofauti bila kusomwa pamoja. Bado naamini hivyo. Ila maelezo hayo hayasemi kwa nini Kambo aliongea na ukuta, wala kwa nini baba, ambaye alijua kanuni vizuri kuliko mimi, hakupita mbele ya nyumba ile tena bila kuvua kofia. Wala hayasemi kwa nini mimi, katika miaka yangu yote ya kupima viwanja na kuwaonyesha watu mipaka yao, sikuwahi kupigilia kigingi bila kwanza kuweka kiganja ardhini. Wasaidizi wangu walidhani napima unyevu.

Nyumba nyingi za safu ile sasa zina saruji na mabati. Zilizobaki za udongo bado hupakwa rangi, na nimeambiwa kiganja hutembea umbali mrefu zaidi kuliko zamani ili kuifikia inayofuata.

Boti ilitengenezwa kwa wiki tano. Samaki walirudi ziwani, wafu kwa hai. Maji ya kuoshea, ndoo arobaini na sita, yalirudi huko huko. Kitu kimoja tu hakikurudi, na baba alikitaja kila alipojaribu viatu vipya, akimwambia muuzaji kwamba anastahili kupunguziwa kidogo upande wa kushoto. Hiyo ndiyo gharama yote: vidole viwili vya mguu wake.