Divai ya Kuongeza Damu

Juzi kwenye sherehe ya mwenzetu wa kazini, mtu alifungua chupa ya divai nyekundu karibu na pua yangu. Kabla sijaona hata rangi yake, ile harufu ya zabibu zilizochacha na mbao kuukuu ilinifikia, nikatoka nje nikasimama kati ya magari. Wenzangu walidhani mimi ni mlokole asiyetaka hata kunusa pombe. Nikawaacha wadhani hivyo. Ninyi nitawaeleza.

Mwaka 2015 hivi nilikuwa na umri wa miaka tisa, na tulikaa Louisville, huko Marekani, upande wa Okolona, ambako maghala ni mengi kuliko miti. Baba alipakua mizigo kwenye ghala mojawapo. Viatu, dawa za meno, televisheni, vyote vilipita mikononi mwake bila kumgusa moyo. Alichokipenda ni divai ya Italia, na hapo ndipo wanakanisa wangecheka, maana Baba alikuwa shemasi katika kanisa letu la Wakongomani, ambamo hata meza ya Bwana iliandaliwa kwa juisi ya zabibu ya watoto. Divai hakuwahi kuionja. Alichopenda ni ile familia inayoitengeneza.

Ndani ya kila katoni ya divai hiyo mlikuwa na kijikaratasi chenye picha. Mzee mmoja wa kofia, wanawe, wakwe na wajukuu, wamesimama mbele ya nyumba ya mawe, na nyuma yao mizabibu imepanda mistari mpaka juu ya kilima. Msimamizi alimruhusu Baba kuchukua kimoja, akaja nacho nyumbani nimsomee. Nikasoma kwamba familia ile inatengeneza divai ileile kwenye kilima kilekile tangu enzi za babu wa babu yao. Wanachuma kwa mikono, wanaanika zabibu darini juu ya vichanja mpaka zisinyae, ndipo wanazikamua na kuilaza divai miaka kadhaa kwenye mapipa ya mbao.

"Kumbe wanaanika kama sisi na muhogo," Baba alisema, amefurahi kweli. "Rudilia pale pa kilima."

Nilirudia mpaka nikachoka. Kilima chetu sisi kiko Kivu ya Kusini, na tulikikimbia. Baada ya kambi ya wakimbizi tuligawanywa kama karanga: Baba na sisi Louisville, dada yake Columbus, na Koko, mama mzazi wa Mama, huko Buffalo. Baba aliwaonea wivu Waitalia wale, wala hakuuficha. Alikibandika kijikaratasi kwenye friji, kando ya picha ya arusi yake.

Mimba ya Mama ilipokaribia kukomaa, alipanda basi kwenda Buffalo. Kwetu mwanamke aliyejifungua anahitaji mikono ya mama yake, imkande kwa maji ya moto, imfunge tumbo, imlazimishe uji hata akikataa. Koko alikuwa na nyumba ndogo ya mbao mtaa wa Riverside, karibu na mto Niagara. Mimi nilibaki na Baba kwa sababu ya shule. Simu ya kwanza ilipokuja, mtoto alikuwa wa kiume, na Baba alirukaruka jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Simu ya pili alipiga Koko, na sauti yake ilijaa chumba.

"Baba Riziki, muke wako haiko muzuri. Alirudi hapa nyumbani, lakini damu ilitoka mingi, na ingali inatoka. Macho yote ni meupe."

"Na hospitali wanasema nini?"

"Wanasema arudi, wamuwekee damu ya watu. Damu ya nani, Baba Riziki? Ya mulevi? Ya muuaji? Donc, tafuta divai nyekundu, ile ya kweli ya Bazungu. Mimi nilipozaa yeye, masista walininywesha hiyo, njo nikapona. Inaongezaka damu."

Msicheke. Kwetu kila chekundu huongeza damu. Mtu akizimia hupewa maji ya bitiruti au ya rozela, na divai ndiyo mkubwa wao wote. Baba hakubisha. Nilimwona akiutazama ule mlango wa friji, kisha akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, tukaenda dukani.

Alijua chupa ipi anaitaka. Alikuwa anaichukua pale kwenye rafu, uso ameuelekeza ukutani, alipogeuka akagongana na kiongozi wetu wa kwaya, naye ana chupa mbili kifuani. Walitazamana. "Bwana asifiwe," akasema Baba. "Amina, shemasi," akajibu yule, na kila mmoja akaondoka haraka kama aliyepotea njia. Ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka mwaka ule.

Tulitoka alfajiri. Chupa ilikuwa mapajani mwangu, imefungwa kitenge cha Mama, na Baba alinionya nisiitikise. Alikuwa akiendesha huku anaomba kwa sauti, kisha anaacha kuomba anauliza, "Iko sawa?" Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wote, kwamba iko sawa. Niliikumbatia kama ndiye Mama mwenyewe.

Columbus tulimchukua Shangazi Noella, dada yake Baba, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Aliingia garini akiwa bado na sare ya kazi. Tulipoingia barabara kuu alikifunua kile kitenge, akaona kilichomo.

"Kaka, damu haitoke mu chupa."

"Koko alipona nayo."

"Koko alipona kwa sababu siku yake ilikuwa bado. Piga simu wamupeleke hospitali sasa hivi."

"Nilipiga. Koko amekataa, na muke wangu anasikia mama yake." Sauti ya Baba ilipasuka. "Bon, unataka nifanye nini, Noella? Niko mbali! Mimi niko na hii tu."

Shangazi alimshika bega, akaanza kupiga simu mwenyewe, lakini kila mara Koko alipokea, akasema mgonjwa amelala, akakata. Njia ile ilikuwa ndefu mno. Karibu na Buffalo theluji ilianza kuanguka, na Baba akaendesha ameegemea usukani kabisa, huku nikichukia kila taa nyekundu ya mji ule.

Mama alikuwa kwenye kochi la sebuleni, amefunikwa mablanketi, na mtoto ubavuni. Nilitaka kumkimbilia nikashindwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Baba alipiga magoti na viatu vyake vya theluji, akafungua chupa kwa kisu, kwa maana hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba chupa ina kizibuo chake. Kizibo kilivunjika, kikaelea ndani. Akamimina kwenye kikombe cha chai, na ile harufu ikaenea nyumba nzima.

Mama aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Jumapili alikunywa kikombe kizima. Akakohoa, akatabasamu, akaomba kingine. Na muda si muda mashavu yake yakapata wekundu.

"Damu imerudi!" Koko alipiga kigelegele. Baba alianza kulia na kuimba kwa wakati mmoja, wimbo wa shukrani wa kule kwetu, Koko akaitikia, nami nikacheza katikati ya sebule na soksi zangu zilizolowa. Sijawahi kufurahi namna ile, si kabla wala baadaye. Baba alimwinulia Mama ile chupa na kumwonyesha picha ya nyumba ya mawe kwenye lebo. "Ni watu wa familia moja, Mama Riziki. Wanaitengeneza taratibu."

Shangazi hakuimba. Alipiga goti, akaibonyeza kucha ya Mama, akaitazama. Ilibaki nyeupe. Akamvuta kope la chini, akasimama, akapiga simu ya gari la wagonjwa bila kumwomba mtu ruhusa. Koko alimfokea kwamba analeta mikosi nyumbani kwake. Baba akasema, "Lakini si unaona amepata rangi?"

"Hiyo ni pombe, kaka," Shangazi alimjibu, machozi yanamtoka. "Ni pombe tu."

Tukabaki tunasubiri. Baba na Shangazi walitoka barazani kuangalia barabara, na Mama akaniita nimvalishe soksi. Niliingiza mikono chini ya blanketi, na miguu yake ilikuwa baridi kama bomba la maji. Nikashtuka, nikamtazama. Aliinua kidole akakiweka midomoni.

Baba alirudi ndani. "Unasikia nafuu?"

"Nafuu sana, Baba Riziki," Mama alisema. "Divai yako ni nzuri."

Gari lilikuja, wakamchukua, na hospitali walimwekea ile damu ya watu tusiowajua. Ilikuwa imechelewa. Kabla giza halijaingia Shangazi alinikalisha kwenye korido akanieleza, na sauti ya Baba niliisikia mpaka kule tulikokaa.

Kwa miaka mingi nilidhani kile kidole kilikuwa cha kuniambia nisimwamshe mtoto. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mtu mzima, jikoni kwa Baba. Alikuwa anamsimulia mdogo wangu, ambaye sasa anamfikia begani, juu ya mama asiyemjua. Baba huisimulia hadithi ile kwa namna moja tu, na hufika mahali fulani akatabasamu. "Mama yenu nilimuuliza kama anasikia nafuu, akaniambia nafuu sana. Divai yako ni nzuri, akaniambia." Hapo mdogo wangu alinigeukia. "Ni kweli, dada? Wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia ni kweli kabisa.