Deki ya Mama na Mkwe wa Dirishani

Katika familia yetu mimi ndiye niliyesoma, na kwetu Machochwe aliyesoma hutegemewa kujua kila kitu chenye waya. Sikuwahi kuwakatalia. Kwa hiyo mama aliponunua televisheni, nikamletea deki na sabufa, nikakaa sakafuni kuziunganisha kwa uso wa daktari wa upasuaji.

Mama alitaka kitu kimoja tu: kumsikia baba. Alikuwa na diski ya harusi ya dada yangu, ambako marehemu baba alimpa mkwe wake nasaha ambazo watu walizisifu mwaka mzima. Mama hakusikia hata neno. Mila yetu Wakurya haimruhusu mama mkwe kukaa mbele ya mkwe wake, basi siku ile alibaki jikoni na masufuria, akisikia vigelegele vya wengine.

Nilichomeka waya wa njano, mwekundu na mweupe. Baba akatokea na suti ya kuazima, akafungua mdomo, kimya. Nikabadilisha matundu, picha ikapotea. Nikabadilisha tena, sabufa ikanguruma na mama akarudi nyuma na kiti chake.

"Karibu inakubali," nikasema. Nilisema hivyo mara nne.

Fundi wa kweli alikuwepo. Shemeji yangu, mume wa dada, ana kibanda cha kutengeneza redio na televisheni Sirari, na alikuwa amekuja kutusalimia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni huyu, kwa mila ileile, hakuweza kuingia sebuleni kwa mama mkwe wake. Alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, akinywa chai na kunisikiliza nikiharibu.

"Shemeji," akasema hatimaye, "njano ipeleke kwenye televisheni. Nyekundu na nyeupe zipeleke kwenye sabufa."

"Ndiko ziliko."

"Umechomeka matundu gani ya sabufa? Ya kuingizia sauti, au yale ya spika?"

Nilizihamisha taratibu, kama mtu aliyekusudia kufanya hivyo tangu asubuhi.

Sauti ikaja. Ilikuwa muziki. Baba alifumba na kufumbua mdomo, na wimbo wa harusi ukapigwa juu yake. Nikapeleka mbele, nikarudisha nyuma, wimbo uleule. Mpiga picha, ili kazi yake ipendeze, alikuwa amefuta sauti zote na kubandika muziki mwanzo hadi mwisho. Waya zilikuwa sawa kabisa. Kwa mara ya kwanza siku ile kosa halikuwa langu, na sikufurahi hata kidogo.

Mama aliutazama ule mdomo wa baba mpaka picha ikahamia kwenye keki.

"Basi ndiyo sitamsikia tena," akasema. Iliniuma, na sikuwa na waya wa kuhamisha.

Nje, shemeji aliweka kikombe chini. "Shemeji, yale maneno ninayo. Niliambiwa mimi."

Mama akainuka, akavuta pazia hadi mwisho pasibaki upenyo, kisha akasogeza kiti chake dirishani. Kati yake na mkwe wake palikuwa na kitambaa tu.

"Mwambie aseme," akaniambia mimi.

"Aseme, shemeji," nikasema, kana kwamba hakusikia.

Akakohoa kidogo. "Mzee alisema hivi: Mwanangu, huyu binti ni mbishi kama mama yake. Mama yake amenibishia miaka yote hii, na kila mara nilipomsikiliza nilipona. Akikushinda usimpige. Mrudishe kwangu, ng'ombe wako bado wapo zizini."

Nilizima televisheni. Mama alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili, anacheka na machozi yanamtoka.

"Mwambie," akasema, "arudie hapo pa mama yake."