Mti Ule Ulipandwa wa Nini?

Sisi tuliokulia Nyabiyonza kabla simu haijawa kitu cha mfukoni, Jumamosi yetu ilijulikana. Asubuhi kuteka maji, kuanika kahawa uani na kumenya ndizi za mchana. Alasiri kucheza rede mpaka vumbi likolee kwenye kope, kisha mafundisho ya kipaimara kanisani. Madawati hayakutosha. Tuliochelewa tulikalia nyasi zilizotandazwa sakafuni, magoti yanang'aa mafuta, matumbo yameshiba maharage.

Mwalimu wetu alikuwa mwinjilisti Yeremia, mzee mwembamba aliyependa maswali kuliko majibu. Siku tuliyofika bustani ya Edeni niliinua mkono. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdomo ulionitangulia kila mahali.

"Mwalimu, Mungu si anajua yote? Kama alijua watakula, mti ule aliupanda wa nini? Si aliwategea?"

Wenzangu wakaguna. Shuleni swali kama hilo lingeniletea fimbo. Mwinjilisti akavua miwani, akaifuta kwa shati, akacheka. Akatugawa pande mbili: hawa waseme Adamu na Eva walikuwa na hiari yao, wale waseme walitegwa. Mimi nikawaongoza wa mtego.

"Ukimfungulia mbuzi kwenye migomba michanga ukaondoka," nikauliza, "wa kulaumiwa ni mbuzi?"

Kanisa likacheka. Adelina, binti wa jirani yetu, akasimama. "Mbuzi hakukatazwa. Eva alikatazwa."

"Haya, na sisi ambao hatukuwepo? Tumekosa nini hata tuzaliwe na dhambi yao?"

Adelina akaketi. "Swali hilo nendeni nalo nyumbani," akasema mwinjilisti. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Ulikuwa msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Mama aliwakaanga kwa kitunguu, akajaza kopo, akaliweka mezani. "Hawa ni wa baba yenu mkubwa anayekuja kutoka Isingiro. Msiwaguse. Wenu wapo jikoni."

Na kweli wetu walikuwepo, sahani nzima. Lakini Jumanne nilibaki peke yangu, nikafungua kifuniko nisikie harufu tu. Nikaonja mmoja. Nyoka sikumwona, wala hakuna aliyenituma. Niliposikia mama akikohoa njiani kutoka shambani, kopo lilikuwa limebaki robo.

"Nani amefungua kopo?" akauliza.

"Kemi," nikasema.

Kemi ni mdogo wangu, wakati huo ana miaka minane. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mawe!" akalia kwa kilugha chetu. "Si mimi, mama!"

Mama akanigeukia. "Una hakika?"

"Nilimwona."

"Basi Kemi hataenda Kayanga Ijumaa."

Ingekuwa safari yake ya kwanza mjini Kayanga, na alikuwa ameshawatangazia wenzake darasa zima. Alilia kidogo. Hakunitukana. Siku mbili tulipanda pamoja kutoka mtoni, ndoo kichwani, yeye mbele, mimi nyuma. Nikawa naiona shingo yake nyembamba, na swali langu la kanisani likanirudia. Huyu hapa, hakula, lakini analipa. Na aliyemtwisha mzigo huo si Mungu, ni mimi.

Ijumaa asubuhi mama alikuwa anafunga kitenge. Kemi alisimama mlangoni, ameshaosha miguu, akitumaini labda mambo yatabadilika. Nikamfuata mama.

"Mama, ni mimi."

Hakushtuka. "Najua. Mdomo wako ulinuka kitunguu. Nilikuwa nakungoja."

Nikaangua kilio, nusu aibu, nusu hasira. "Sasa kama ulijijua una watoto walafi, kopo uliliacha mezani la nini?"

Mama akaketi. "Ningeweza kulifungia, mwanangu. Lakini nikifungia kila kitu, nitajuaje kama nalea mtoto au nalinda mfungwa? Haya, kamwambie mwenzako."

Nilimwambia. Kemi akanisamehe haraka, maana gari halingojei. Mimi nilibaki nikigeuza kahawa juani, nalia, lakini kifua kimekuwa chepesi.

Jumamosi nikalieleza darasa yote. Mwinjilisti akasema tu, "Leo mwalimu ni huyu." Adelina akanyoosha mkono, "Na walikuwa watamu?" Tulicheka mpaka mzee akatafuta leso.

Namshukuru Mungu kwa watu wale. Waliniacha niulize, wakaniacha nikosee, kisha wakaningoja. Watoto wetu wa siku hizi ni hodari. Ukiwauliza habari za Edeni, wanaikwaruza simu kwa kidole gumba na kukupa majibu saba kabla hujameza mate. Sisi jibu moja lilituchukua juma zima, na lilitutoa machozi.

Juzi binti yangu alikuwa akijisomea mafundisho yake, macho kwenye kioo. Ghafla akauliza, bila kuniangalia, "Mama, wewe ungekuwa Eva, ungekula?"

"Ningekula," nikamwambia. "Na ningemsingizia mtu."

Akaiweka simu chini. "Nani?"