Madame wa Hesabu na Cherehani

Asubuhi Madame alifundisha hesabu, na alasiri, katika chumba kile kile, aliwafundisha wasichana wale wale kushona. Chaki haikumtoka vidoleni, hata nguo alizokata zilibaki na alama zake. Olga, mmoja wa wasichana hao, alizoea kumsikia akisema kwa sauti yake ya chini, akigonga ubao, "Hesabu iko ya kuvaa. Ukikosea kwa tableau, mutu atatembea na mukono mufupi." Kila muhula walipimana mabega na viuno, wakaandika vipimo daftarini, kisha wakakokotoa ubaoni kitambaa cha kutosha.

Asubuhi ile mizinga iliponyamaza, baada ya siku sita za vita vya Kisangani, Olga alikwenda shuleni kumsaidia Madame kufagia vioo vya madirisha vilivyovunjika. Hapo akaingia mama yake Adèle, msichana aliyesoma na Olga, akiwa na kitambaa cheupe cha gauni. Bomu lilikuwa limeangukia nyumba yao na kumuua Adèle.

"Madame, hii itatosha kumushonea robe ya kumuzika?"

Madame alifungua daftari penye vipimo vya Adèle. Aliandika ubaoni urefu, akaandika mabega, akaishia hapo. Kwa mara ya kwanza Olga alimwona ameshindwa kujumlisha. Olga akaichukua chaki taratibu kutoka mkononi mwake, akaimaliza hesabu.

"Itatosha, mama," alisema. "Na ingine itabakia."

Mama yule akaitikia kwa kichwa. "Mutoto yangu Adèle iko mudogo," alisema, kisha akaketi sakafuni kungojea nguo ishonwe.